Kisu cha mashine ya majani: kigumu zaidi ndicho hatari zaidi

Springi moja, fundi mmoja, visu viwili. Cha kwanza kinafungwa kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na baada ya mizigo miwili ya mabingobingo kimekuwa butu kama mwiko. Cha pili kinakata vizuri siku tatu, halafu kinakutana na kijiwe kilichojificha kwenye mabua ya mahindi, pembe inaruka na kutoboa bati la banda. Mwenye mashine anasema kaibiwa. Fundi anasema springi za siku hizi si kama za zamani. Jirani aliyeangalia video mbili tatu mtandaoni anasema kisu hakikutiwa maji ya kutosha. Wote watatu wanatumia neno moja, "ugumu", na kila mmoja ana maana yake.

Visu vyenyewe ni vidogo: urefu wa sentimita 20 hivi, upana wa 5, unene wa milimita 6. Hufungwa viwili au vitatu kwenye gurudumu, na gurudumu likizunguka, kila kisu kinapita mbele ya bamba lililosimama mdomoni mwa mashine. Majani yanakatwa kati ya viwili hivyo, kama kitambaa kati ya mapanga mawili ya mkasi. Kuvitengeneza nyumbani kunawezekana kabisa ukiwa na grenda, drili ya kusimama, jiliwa ya kubania chuma, jiko la mkaa lenye feni, sumaku, tupa na karai la mchanga. Vifaa si tatizo. Visu vingi huharibikia kwenye moto, kwa sababu ya lile neno moja.

Ugumu, ukakamavu na makali

Ugumu ni uwezo wa kitu kukataa kukwaruzwa na kubonyea. Kioo ni kigumu kuliko msumari. Jaribu kukikwaruza kwa msumari uone. Ukakamavu ni uwezo wa kupigwa bila kupasuka. Mpira wa tairi ni mkakamavu sana ingawa si mgumu hata kidogo. Kioo kina kimoja, tairi lina kingine, na kisu cha kuzunguka kinataka vyote viwili kwa kipimo.

Makali ni jambo la tatu, na halihusiani na hayo mawili moja kwa moja. Makali ni umbo tu: pande mbili zinazokutana kwenye ncha nyembamba. Karatasi hukata kidole, na hakuna anayesema karatasi ni ngumu. Kwa hiyo kisu kikitoka dukani kinanyoa hadi malaika ya mkono, hilo halikuambii chochote kuhusu chuma chake. Ugumu ndio unaoamua makali hayo yatadumu saa moja au wiki mbili.

Ugumu na ukakamavu hukwaruzana ndani ya chuma kilekile: ukiongeza kimoja, kingine kinapungua. Aliyewahi kupika kashata anaijua hali hii. Sukari ikitolewa mapema kashata inavutika na kunata menoni. Ikikaa motoni zaidi inakuwa nzuri ya kutafuna. Ikizidi tena inavunjika kama kigae. Sukari ni ileile, kilichobadilika ni moto.

Viwandani ugumu hupimwa kwa mashine ya Rockwell, ambayo hubonyeza chuma kwa ncha ya almasi yenye umbo la pia kwa nguvu ya kilo 150, kisha husoma kina cha shimo. Kwa kipimo hicho, springi ya gari iliyo kwenye gari lake huwa kati ya 40 na 48 hivi. Tupa nzuri inazidi 60. Kisu cha kukatia majani kinatakiwa kukaa katikati, kuanzia 50 hadi 55. Hapo ndipo shabaha yetu ilipo. Anayejisifu kwamba kisu chake "kigumu kama tupa" ametengeneza tupa. Na tupa, kama kila fundi ajuavyo, ikianguka sakafuni huweza kuvunjika vipande viwili.

Kwa nini springi, na kwa nini si nondo

Chuma huwa kigumu kwa moto kwa sababu ya kaboni iliyochanganyika ndani yake. Flatibaa, engo na nondo za kawaida zina kaboni kidogo, nyingi zikiwa karibu asilimia 0.2 au chini yake. Springi bapa za magari zina kati ya asilimia 0.5 na 0.65, pamoja na kromiamu au silikoni kidogo. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ni kama hamira kwenye unga: unga usiotiwa hamira hauumuki hata ukiuanika juani kutwa. Nondo hivyo hivyo, utaichoma na kuitia maji mara kumi na itatoka motoni laini kama ilivyoingia, ila na rangi nyeusi.

Wapo wanaosema mkaa wa jiko "unaingia" kwenye chuma na kukiongezea kaboni. Kuna ukweli ndani yake, lakini si kwa mkaa wa dakika kumi. Ili kaboni ipenye, chuma kinapaswa kufungiwa ndani ya mkaa wa unga kwenye chombo kisichopitisha hewa, kikae kwenye joto la nyuzi 900 na kitu kwa saa kadhaa, na hata hapo kina chake ni karibu milimita moja. Ukinoa mara tatu umeimaliza.

Kwa hiyo springi chakavu ni chaguo sahihi, na huko Gikomba ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam hazikosekani. Lakini chagua. Bapa la springi ya pikapu lenye unene wa milimita 6 au 7 ndilo linalofaa. La lori la milimita 12 litakumalizia mawe ya grenda. Kwenye fungu la springi, tafuta bapa la chini kabisa, lile la kusaidia mzigo, ambalo mara nyingi limenyooka kuliko wenzake. Usichukue kipande chenye tundu la katikati wala karibu na masikio ya mwishoni, kwa maana huko ndiko nyufa huanzia.

Nyufa za springi iliyochoka hazionekani kwa macho. Safisha kipande hadi king'are, kipake mafuta ya taa, kiache robo saa, kifute kikauke kabisa, kisha kipake chaki iliyosagwa. Baada ya dakika chache, mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatapanda na kuchora mstari wa unyevu kwenye chaki nyeupe. Kipande chenye mstari kikirudi kwenye chuma chakavu, hakuna hasara kubwa. Kikiendelea hadi kwenye gurudumu, hasara ni nyingine.

Kama huna hakika kwamba chuma ulichopewa ni cha springi, kiguse kwenye jiwe la grenda na utazame cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu ya manjano inayokwenda mbali bila kupasuka sana. Chuma chenye kaboni hutoa cheche fupi zilizochanua, zinazopasuka ovyo kama fataki. Weka msumari wa kawaida pembeni ulinganishe. Jaribio la uhakika zaidi ni kukata kipande cha upana wa kidole, kukipasha hadi kiwe chekundu cha kung'aa, kukizamisha kwenye mafuta, kisha kukibana kwenye jiliwa, kukifunika kwa kitambaa kizito na kukipiga nyundo. Kikikunjika, achana nacho. Kikikatika "ta!" na kuonyesha ndani ya kijivu yenye punje laini kama saruji kavu, umepata. Punje zikiwa kubwa kama sukari, chuma ni kizuri ila umekipasha kupita kiasi, na hilo ni onyo la mapema kuhusu jiko lako.

Kuna njia ya mkato, na kwa anayeanza ningemshauri aanze nayo. Ukipata bapa lililonyooka kweli, kata kisu humohumo kwa jiwe jembamba la kukatia huku ukikipooza kwa maji, kichonge makali bila kukiacha kigeuke rangi, na usikitie motoni kamwe. Ugumu wa springi wa asili, 40 na kitu, utakuwa mdogo kuliko unaotakiwa, hivyo utanoa mara mbili ya kawaida. Lakini kisu hicho hakitapasuka usoni mwa mtu. Shida yake ni kutoboa: biti za kawaida huungua kwenye springi isiyolainishwa, itabidi utumie biti ya kabaidi, mwendo mdogo na mafuta.

Kuchonga

Kwa njia ndefu, hatua ya kwanza ni kulainisha. Pasha kipande hadi sumaku ikatae kukishika, kipashe zaidi kidogo, kisha kifukie kwenye ndoo ya majivu makavu hadi kesho yake. Majivu yenye unyevu yatakipoza haraka na utajikuta na chuma kigumu kuliko ulichoanza nacho. Kikiwa bado chekundu, kabla ya kukifukia, ndipo pa kukinyoosha kwa nyundo juu ya fuawe. Bapa la springi la sentimita 20 linaweza kuwa limepinda milimita 3 au 4 katikati, na kisu cha namna hiyo hakitakaa sawa na bamba la mdomoni hata ukikaze vipi.

Kata 200 kwa 50, zote milimita. Matundu matatu kwa bolti za milimita 10 yatobolewe kwa biti ya 11, ukianza na ya 4, kisha ya 7. Katikati ya kila tundu iwe milimita 20 kutoka mgongoni mwa kisu. Visu viwili vibane pamoja uvitoboe kwa mpigo mmoja, matundu yafanane. Kisha lainisha midomo ya matundu pande zote mbili kwa biti kubwa zaidi, iliyoshikwa kwa mkono tu. Kazi hii ya dakika mbili ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ukiokota kisu kilichokatika utakuta ufa mara nyingi umeanzia kwenye ukingo mkali wa tundu. Chuma hupasuka kama kitenge: kikichanika kidogo pembeni, kilichobaki kinafuata chenyewe.

Makali huchongwa upande mmoja tu. Upande unaotazama bamba la mdomoni unabaki bapa, na mteremko unakuwa upande wa nje. Wanaochonga pande zote mbili kama kisu cha jikoni wanadhani wanaongeza ukali. Wanachofanya ni kuisogeza ncha mbali na bamba, na majani yanaingia kwenye mwanya badala ya kukatwa. Jaribu kukata karatasi kwa mkasi uliolegea skrubu.

Pembe inayofaa ni kati ya nyuzi 25 na 30. Huhitaji kipimo cha pembe: kwa nyuzi 30, uso wa mteremko unapaswa kuwa na upana mara mbili ya unene wa chuma. Kisu cha milimita 6, mteremko wa milimita 12. Ukiufikisha 14 umefika nyuzi 25 hivi, na hapo chini usishuke. Ncha nyembamba inakata nyasi laini vizuri mno, halafu inakutana na bua kavu na kumeguka. Kwa sasa usimalize makali. Acha ncha iwe bapa ya unene wa milimita moja, kwa sababu ncha nyembamba motoni hupata joto kabla ya mwili, huungua, na ikiingia kwenye mafuta hupinda au kupasuka.

Moto wa kwanza

Hapa ndipo penye uchawi mwingi wa mitaani. Utaambiwa maji ya mvua ni bora kuliko ya bomba, mkojo ni bora kuliko yote, na wengine watakutajia damu. Kinachofanyika ni kimoja tu. Chuma cha kaboni kikifika joto fulani, mpangilio wake wa ndani unabadilika na kaboni inayeyukia humo. Kikipoa polepole, kaboni inapata muda wa kutoka na kukaa pembeni, na chuma kinabaki laini. Kikipozwa ghafla, kaboni inanaswa ndani kama abiria daladala linapofungwa mlango kabla hawajashuka, na msongamano huo ndio ugumu. Kimiminika kina kazi moja, kuondoa joto kwa kasi inayotakiwa. Maji ya chumvi huondoa joto haraka kuliko maji matupu, na hiyo ndiyo siri yote ya mkojo.

Kwa springi, kasi hiyo ni kubwa mno. Kromiamu na silikoni zilizomo huifanya iwe ngumu hata ikipoa kwa utaratibu zaidi, hivyo mafuta yanatosha. Ukiitumbukiza kwenye maji, ngozi ya nje inasinyaa wakati tumbo bado limetanuka, na utasikia mlio mdogo kama glasi inayopata ufa. Wakati mwingine hutausikia, na hapo ni pabaya zaidi.

Tumia lita 8 hadi 10 za mafuta ya alizeti ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko, kamwe si cha plastiki. Mafuta ya kukaangia yaliyochujwa yanafaa. Yapashe hadi nyuzi 50 au 60, yaani kidole kinavumilia kwa sekunde moja tu. Wengi hushangaa kwamba mafuta ya vuguvugu hupoza haraka kuliko ya baridi. Ni kwa sababu mafuta mazito hujishikiza kwenye chuma kama uji, na mepesi hutembea. Oili chafu ya gari hupoza chuma pia, ila ina mabaki ya petroli na vumbi la metali, na moshi wake si wa kuvutwa na mtu anayetaka kuzeeka. Weka mchanga au mfuniko karibu kwa ajili ya moto. Maji yakimwagikia mafuta yanayowaka yanageuka mvuke papo hapo na kurusha moto hadi darini.

Sasa joto. Chuma hupoteza sumaku kwenye nyuzi 770 hivi, nacho kinataka karibu 830. Kwa hiyo sumaku inakuonyesha kizingiti, siyo nyumba. Kikikataa sumaku, endelea kidogo hadi wekundu uelekee rangi ya chungwa. Kipimo kingine kiko jikoni: chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801. Nyunyiza punje chache juu ya kisu, zikigeuka matone kama jasho, umekaribia sana. Fanya kazi hii jioni au kivulini. Juani chuma cha nyuzi 900 huonekana chekundu cha kawaida, na mtu anaendelea kupuliza hadi punje za ndani zinakua na kisu kinakuwa biskuti. Joto liwe sawa urefu wote wa makali. Doa jeusi katikati ni sehemu laini ya kesho.

Kisha usizamishe kisu chote. Ingiza makali tu, kina cha milimita 20, mgongo ukiwa nje. Pandisha na kushusha kidogo kidogo milimita chache ili mpaka kati ya kigumu na laini usiwe mstari mmoja mkali. Sogeza mbele na nyuma kwa uelekeo wa makali, kama unayekata mkate. Ukikoroga kushoto na kulia kitapinda. Mgongo ukishakuwa mweusi, kama sekunde 10 hivi, zamisha chote. Umepata kisu chenye makali magumu na mwili mkakamavu penye matundu. Faida ya kukitengeneza mwenyewe ni hiyo hasa, kwa sababu bolti hushika sehemu ambayo haitapasuka.

Kwa tupa ya zamani, gusa makali: inapaswa kuteleza kama juu ya kioo. Gusa mgongo: inapaswa kung'ata. Ikiwa inang'ata kote, joto halikutosha, rudia.

Moto wa pili, unaosahaulika

Kisu kilichotoka kwenye mafuta hakijaisha. Kwa wakati huu kina ugumu wa tupa na moyo wa kigae. Kikianguka kwenye saruji kinaweza kukatika, na kinaweza hata kupasuka chenyewe kikilala mezani usiku kucha. Lazima kirudishiwe moto kidogo, siku hiyohiyo, kikiwa bado na uvuguvugu. Yule jirani wa video anapaswa kujua kwamba kisu kilichoruka pembe hakikukosa maji. Kilikosa moto huu wa pili.

Safisha upande mmoja kwa msasa hadi ung'are, kwa kuwa rangi utakazozifuata zinaonekana kwenye chuma kisafi tu. Pasha karai la mchanga mkavu juu ya jiko, laza kisu mgongo ukiwa chini ndani ya mchanga na makali yakiwa juu. Rangi zitaanza mgongoni na kutembea kuelekea makali: manjano hafifu kama chai ya maziwa kwenye nyuzi 210 hivi, kahawia karibu 260, zambarau 280, buluu 300. Kwa mashine ya majani, zambarau inayoelekea buluu ikifika kwenye makali, kitoe na ukiache kipoe. Rudia mara ya pili. Mwenye oveni ya umeme inayofika nyuzi 250 anaweza kukiweka humo saa moja, mara mbili. Kitatoka kigumu kidogo zaidi, kizuri kwa nyasi safi, si kwa mabua yaliyoburuzwa shambani na mchanga wake.

Buluu imezua ubishi wake. Mtu akiona kisu cha buluu husema kimeungua. Akiona fundi anakifanya buluu kwa makusudi, haelewi tena. Rangi hiyo inasema tu kwamba uso wa chuma umefika nyuzi 300. Kanuni ni moja: kisu hakipaswi kupata joto kuzidi lile la mwisho kilirudishiwa. Kilichorudishiwa moto kwa buluu kikiguswa na buluu nyepesi ya grenda hakijapoteza kitu kikubwa. Kilichoishia manjano kikiguswa na buluu ileile kimelainika hapo hapo kilipoguswa. Na chochote kilichovuka buluu kikawa kijivu kwenye grenda, kata sehemu hiyo uondoe. Ndiyo maana kumalizia makali hufanywa kwa miguso mifupi ya sekunde mbili, kikombe cha maji pembeni, vidole vitupu vikishika chuma. Vidole vikisema basi, basi.

Mizani na mahesabu madogo

Kisu kilichomalizika kwa vipimo hivi kina uzito wa gramu 400 hivi. Vipime viwili kwa mizani ya jikoni ya kidijitali na usage mgongo wa kizito hadi tofauti iwe gramu 2 au chini.

Tuseme kiini cha kisu kiko sentimita 20 kutoka kwenye shafti na gurudumu linazunguka mara 800 kwa dakika. Kisu kinajivuta kuelekea nje kwa nguvu ya kilo 57, yaani zaidi ya mfuko mmoja wa saruji ukining'inia kwenye bolti tatu. Kama kimoja kimezidi mwenzake gramu 20 tu, uzito wa vijiko vichache vya sukari, shafti inapigwa kwa nguvu ya karibu kilo 3, zaidi ya mara 13 kila sekunde, mpaka beringi itakapochoka.

Sasa mwenye mashine anabadili puli ili "iende haraka", au anafunga mota ya mizunguko 1450 kwa dakika moja kwa moja kwenye shafti. Kasi haijafika hata maradufu, lakini nguvu ni kilo 188, karibu mifuko minne. Nguvu hii hupanda kwa mraba wa kasi: kasi mara mbili, nguvu mara nne, kasi mara kumi, nguvu mara mia.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali linaloulizwa kila mara, kama kisu cha namna hii kinaweza kufungwa kwenye grenda ya mkononi au mashine ya kufyekea nyasi. Hapana. Grenda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na vyuma vya mashine za kufyekea hufika 8,000 na zaidi. Kipande cha gramu 100 tu, sentimita 10 kutoka katikati, kwenye kasi ya 8,000 kinavuta kwa kilo zaidi ya 700. Ufa ambao chaki yako haikuuona utaonekana hapo, na mashine umeishika mkononi. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliamua kuondoa sokoni vifaa vya kufyekea vya mkononi vyenye vyuma vilivyoungwa kama mnyororo, kwa sababu ya vipande vinavyokatika na kuruka. Kwa mashine za mkononi nunua kisu kilichoandikwa kasi yake ya juu, na usizidishe.

Kufunga

Bolti ziwe mpya, kichwani zimechapwa 8.8, na nati zenye plastiki ndani. Bolti isiyo na namba mara nyingi ni chuma laini. Kisu kisichomelewe kwenye gurudumu kwa hali yoyote: joto la kuchomelea linafuta kazi yote ya moto wa pili, na pembeni ya mshono hubaki pagumu na penye ufa. Kwa spana ya sentimita 20, sukuma mwishoni kwa nguvu kama ya kuinua nusu ya mfuko wa saruji; inatosha kwa bolti ya milimita 10, na ukiongezea bomba unaivuta hadi inyooke.

Mwanya kati ya kisu na bamba la mdomoni uwe milimita 0.3 hadi 0.5. Karatasi ya A4 ina unene wa milimita 0.1 hivi, kwa hiyo karatasi nne zipite kwa shida na tano zikwame. Zungusha gurudumu kwa mkono na upime mwanzo, katikati na mwisho wa kila kisu. Pale panapogusa, weka vipande vya bati jembamba chini ya kisu. Mashine inayotafuna majani na kuyaacha na nyuzi ndefu, mara tisa kati ya kumi ina mwanya mkubwa, na mwenyewe yuko kwenye jiwe ananoa kisu kisicho na kosa.

Washa bila majani kwa dakika tano, kifuniko kikiwa kimefungwa, watu wote wakiwa ubavuni mwa mashine na si mbele ya gurudumu. Kata mzigo mmoja, zima, chomoa waya, kaza bolti tena. Zitakuwa zimelegea kidogo, hiyo ni kawaida mara ya kwanza. Kisha tazama ncha kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa imejikunja, moto wa pili ulizidi. Ikiwa imemeguka vijino vidogo, moto wa pili ulipungua, au pembe ni nyembamba. Kirudishie moto hadi buluu kamili kabla hujakitupa.

Ukinoa, noa mteremko tu. Upande bapa usiuguse isipokuwa kuondoa kimanyoya, yaani kile chuma chembamba kinachojikunja nchani ukinoa, kwa jiwe la mafuta, maana ndio unaoshikilia ule mwanya wa karatasi nne. Kila unaponoa upana unapungua, na mteremko unasogelea matundu. Upana ukifika milimita 38, sehemu nyembamba imekaribia kugusa midomo ya matundu, na kisu hicho sasa ni cha kupalilia mchicha.